Kwenda Newgrange ukitokea Slane
Ukilala Slane, kijiji kidogo cha kaunti ya Meath, Ayalandi, usiendeshe gari moja kwa moja hadi kaburi la kale la Newgrange. Utarudishwa. Wageni wote huanzia kituo cha Brú na Bóinne, ng'ambo ya mto Boyne, ndipo wapelekwe kwa basi. Kata tiketi mapema mtandaoni, tena ile ya kuingia ndani: kupita kwa kuinama kwenye ujia wa mita 19 uliojengwa takriban mwaka 3200 KK, kabla ya piramidi za Giza, ni jambo la kukumbukwa. Jioni, panda kilima cha Slane uone magofu ya kanisa na bonde lote. Beba koti la mvua, hata Julai.