Balbu imevunjika? Weka ufagio chini kwanza

Mara ya kwanza kuangusha balbu yenye zebaki, ile metali ya majimaji yenye sumu, nilikuwa juu ya ngazi, bado najifunza ufundi umeme, na nilikosea karibu kila kitu. Mwenye nyumba alisema, "Ngoja fundi, nikuletee ufagio," nami nikaupokea kwa asante nyingi. Nilifagia kuanzia chini ya ngazi hadi mlangoni, nikaukung'uta ufagio ukutani, halafu kwa heshima nikamalizia na sebule nzima. Yaani nilichokuwa nacho mahali pamoja nilikisambaza nyumba nzima.

Kabla hujagusa chochote, jua ni balbu gani iliyovunjika. Ile ya zamani yenye uzi wa tangsteni haina zebaki. Halojeni haina, ila huwa ya moto mno, isubiri ipoe. LED nayo haina. Kwa hizo tatu, hatari ni vioo na umeme tu: zima swichi, vaa viatu, kusanya, basi.

Zebaki imo kwenye tyubu ndefu za florisenti, na kwenye zile balbu ndogo zilizosokotwa kama springi au kukunjwa kama herufi U, zilizoitwa za kuokoa umeme. Ndani yake umeme hupita kwenye mvuke wa zebaki, mvuke hutoa miale ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho, na unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo huigeuza kuwa mwanga. Zinazodanganya watu ni zile zilizovikwa kifuniko cha mviringo. Kwa nje utasema balbu ya kawaida. Tafuta herufi Hg, alama ya kikemia ya zebaki, kwenye kitako. Au kumbuka ilivyokuwa ikiwaka: kama ilianza hafifu ikachukua muda kukolea, ishuku.

Balbu ndogo ya aina hiyo mara nyingi ina miligramu zisizozidi 5 za zebaki. Kipimajoto cha kioo cha zamani kilibeba kama 500. Kwa hiyo wanaohama chumba wiki nzima wanajitesa bure. Lakini zebaki hugeuka mvuke hata kwenye joto la kawaida la chumba, haina harufu ya kukuonya, na mapafu huipokea vizuri sana. Mtoto anayetambaa pua yake iko pale pale sakafuni.

Basi fanya hivi. Toa watu wote chumbani, na paka pia, na asikanyage mtu pale penye vipande. Zima feni na kiyoyozi, fungua madirisha, funga mlango wa ndani, kaa nje dakika 10. Ukirudi uwe na glavu, makaratasi mawili magumu (boksi la viatu lililokatwa linatosha), selotepu, na chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza. Kwa karatasi moja sukumia vipande na unga juu ya nyingine, taratibu. Vumbi lililobaki bandika selotepu, bandua, rudia. Malizia kwa karatasi laini iliyolowa. Vyote hivyo, pamoja na glavu, vinaingia kwenye chupa. Mfuko wa plastiki utumie pale tu ukikosa chupa, kwa sababu mvuke hupenya plastiki. Chupa ikae nje ya nyumba, si jikoni. Madirisha yabaki wazi saa kadhaa.

Mashine ya kufyonza vumbi ni mbaya kuliko ufagio: inavuta unga, inaupasha joto na kuupuliza hewani. Shuka au nguo iliyomwagikiwa vipande usiitie kwenye mashine ya kufulia. Itupe, hata kama inauma. Zulia ndilo kichwa kinachouma zaidi. Selotepu inafika juu juu tu, kwa hiyo kila utakapolisafisha siku zijazo, fungua madirisha kwanza.

Balbu nzima haivujishi kitu, iwake au isiwake. Ila iliyoungua bado ina zebaki yake, wengi hawalijui hilo. Usiitupe kwenye moto wala usiivunje ili iingie kwenye pipa. Irudishe kwenye boksi lake hadi uipeleke panapopokelewa taka za aina hiyo. Na wakati wa kuifungua kwenye soketi, shika kitako cha plastiki, si kioo. Mimi ile ya kwanza niliishika kioo.

Mwaka 2023 nchi za Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana kuwa utengenezaji na biashara ya kimataifa ya taa za florisenti za kawaida zikome ifikapo mwisho wa 2027. Dukani zitaadimika. Lakini kwenye droo za watu zimejaa akiba. Nami ninazo nne, kwenye boksi lililofunikwa juu ya kabati la zana, nimeliandika Hg kwa kalamu nene, pande zote nne.