Kupendekeza ardhi yako kwa halmashauri Uingereza: hakikisha mstari mwekundu unafika barabarani

Familia ya mke wangu ina shamba la hekta 0.6 nyuma ya nyumba za kijiji. Tulilipendekeza kwa halmashauri liingie kwenye tathmini ya ardhi ya makazi ya baadaye. Majibu yakaja: halifai, halina njia ya kuingilia. Lango lipo, na tunalipita kwa gari kila wiki! Tulisubiri miaka miwili hadi halmashauri ilipowaita tena wenye ardhi wapendekeze maeneo, ndiyo maana naandika kwa yeyote mwenye ardhi huku. Haya ni ya Uingereza yenyewe. Uskoti na Wales wana taratibu zao.

Kwanza ujue unachoomba. Halmashauri inapoandaa mpango wa matumizi ya ardhi, lazima ijue ina ardhi kiasi gani ya kujenga nyumba. Maofisa hutafuta wenyewe kwenye viwanja vilivyotelekezwa, ardhi ya umma isiyotumika na hata maombi ya ujenzi yaliyowahi kukataliwa. Halafu hutoa wito ili wenye ardhi nao walete maeneo yao. Mwongozo wa serikali unawataka waangalie eneo lolote linaloweza kubeba nyumba 5 au zaidi. Eneo lako likipita, bado huna kibali cha ujenzi, wala halijatengwa kwenye mpango. Limeingia tu kwenye orodha ambayo wapangaji watachagulia. Tafadhali usichukue hela ya mtu kwa kumwonyesha orodha hiyo.

Baadhi ya halmashauri hupokea mwaka mzima, nyingine hufungua kwa wiki chache tu. Jiandikishe upate taarifa za idara ya mipango kwa barua pepe.

Fomu yenyewe haisumbui. Maswali yote yanarudi kwenye mambo matatu: eneo linafaa, linapatikana, linajengeka? Kwenye kufaa, fungua ramani ya mafuriko ya serikali kabla hujaandika neno. Kanda ya 1 ni salama zaidi. Kanda ya 3 ina uwezekano wa asilimia 1 au zaidi kila mwaka wa mto kufurika, na sehemu yake inayotumika kama njia ya maji ya mafuriko hairuhusiwi nyumba. Ukiwa ndani ya ukanda wa kijani, yaani ardhi inayozunguka miji ambako ujenzi hubanwa sana, sema. Tangu Desemba 2024 sera ya taifa inatambua "ukanda wa kijivu", yaani sehemu za ukanda wa kijani zisizotimiza vizuri kazi zake kuu, kwa hiyo usijikatie tamaa mapema. Kwenye kupatikana, wamiliki wote wasaini. Sisi tulikuwa wanne, na shemeji mmoja alisaini siku ya mwisho baada ya simu nyingi. Kama kuna mkulima aliyekodi, taja mkataba wake unaisha lini.

Sasa ramani, na hapa ndipo tulipoumia.

Fomu inadai ramani yenye mstari mwekundu kuzunguka eneo, kwa kawaida kwa kipimo cha 1:1250 au 1:2500, na ardhi yako nyingine ya jirani izungushiwe bluu. Tulinunua ramani ya hati kutoka Masjala ya Ardhi kwa pauni 7, tukafuatisha mstari wake. Kwenye karatasi uligusa barabara kabisa. Hatukujua kwamba mstari wa ramani ya hati huonyesha mpaka kwa ujumla tu. Sheria ya usajili wa ardhi ya 2002 inasema hivyo waziwazi. Na mahali barabara ya umma inapoishia ni jambo jingine lenye kumbukumbu zake.

Kumbukumbu hizo hazikuwa kwa halmashauri ya wilaya tuliyoipelekea fomu, bali kwa halmashauri ya kaunti, ambayo ndiyo mamlaka ya barabara. Penye halmashauri moja tu, uliza idara yake ya barabara. Nilipofika kaunti, ofisa alifungua ramani yao, akaweka ncha ya kalamu kwenye lango letu. Rangi ya barabara iliishia kwenye mtaro. Ua wetu ulianzia ng'ambo ya mtaro. Katikati palibaki ukanda wa majani wa upana wa sentimita 90, mali ya mrithi wa mtu aliyeuza shamba zamani. Tulikuwa tukiukanyaga miaka yote.

Ukanda wa namna hiyo una bei kubwa. Tangu kesi ya Stokes dhidi ya Cambridge ya mwaka 1961, mazungumzo mengi huanzia theluthi moja ya thamani inayoongezeka kwa sababu ya kupata njia. Mwenye ukanda wetu aliijua hesabu hiyo kuliko sisi. Mwishowe, kupitia mawakili, tulikubaliana apate sehemu ya mauzo, naye akasaini fomu ya pili kama mmiliki mwenza. Safari hii mstari mwekundu ulivuka mtaro hadi kwenye rangi ya barabara.

Kwa hiyo usianze na fomu. Anza kwa mamlaka ya barabara, omba ramani ya mipaka ya barabara mbele ya eneo lako, iweke sambamba na ramani ya hati, kisha nenda mwenyewe na futi ya kupimia. Pakiwa na pengo, tafuta mwenye nalo mapema, na umlipe wakili asome hati kabla hujaahidi chochote. Ambatisha barua ya mamlaka ya barabara kwenye fomu. Ofisa wa mipango ana mamia ya maeneo mezani na hatakufanyia upelelezi.

Swali la nyumba ngapi na lini, jibu kwa kiasi. Miaka 1 hadi 5 ni kwa maeneo yaliyo tayari kweli. Mengine hupangwa miaka 6 hadi 10 au 11 hadi 15. Letu liko kwenye 6 hadi 10, na ni haki.

Tunza namba ya kumbukumbu ya eneo lako. Rasimu ya mpango itakapotolewa kwa maoni, andika tena ukiitaja, hata kama eneo lako limo tayari, kwa sababu majirani wanaolipinga watakuwa wanaandika pia.