Kabla Mama hajachomwa sindano ya saruji mgongoni

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji. Wengi tunaowapokea kwa sindano hii ni akina mama wazee: ameinua ndoo, mgongo ukaalika, na tangu hapo hageuki kitandani bila kulia. Mifupa imedhoofika, pingili ya uti wa mgongo imebonyea. Saruji hii ya hospitali, si ya kujengea, huingizwa humo ili ishikilie mfupa na kupunguza maumivu.

Kabla hujakubali, uliza: je, amevunjika karibuni? Eksirei huonyesha pingili iliyobonyea, lakini mara nyingi haisemi imebonyea lini. MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, huonyesha unyevu ndani ya mfupa uliovunjika juzijuzi. Hapa sitanii. Tafiti mbili za 2009, zilizopokea hata waliovunjika karibu mwaka mzima nyuma, hazikuona saruji ikiishinda sindano ya kuigiza, isiyotia saruji. Utafiti wa Australia wa 2016, uliochukua wenye maumivu makali ya chini ya wiki 6, uliona nafuu. Na wengi hupona kwa dawa za maumivu na kuinuliwa taratibu.

Taja dawa zote anazotumia, hasa za kuzuia damu kuganda, ila usimwachishe mwenyewe. Akiwa na homa au kidonda chenye usaha, sema. Penye maambukizi saruji haiingizwi.

Siku yenyewe hulazwa kifudifudi, akapigwa ganzi. Daktari hupitisha sindano nene hadi ndani ya pingili huku akiitazama kwenye skrini ya eksirei. Saruji ni unga unaochanganywa na kimiminika chenye harufu kali. Haisukumwi ikiwa nyepesi. Tunangoja ifanane na dawa ya meno, kwa sababu nyepesi huvuja kwenye mishipa ya fahamu, au ikasafiri na damu hadi mapafuni. Mililita chache tu hutosha. Mimi hubaki na tonge lake mkononi: linapata moto, kisha linakuwa gumu, ndipo namwambia daktari kuwa saruji imeganda.

Baadaye alale chali saa moja au mbili. Miguu ikifa ganzi au ikilegea, mkojo ukishindikana, au pumzi ikibana, mrudishe hospitali saa hiyohiyo.

Pingili za jirani bado ni dhaifu, kwa hiyo msiondoke bila kuulizia dawa ya mifupa. Akipewa alendroneti ya mara moja kwa wiki, aimeze asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji, na asijilaze kwa nusu saa. Mwenye shida ya kumeza au ya figo amwambie daktari kwanza.