Sehemu ya pili ya filamu ya wizi: jinsi ya kuitazama ukajua ilipokosea

Nimeitazama Ocean's Twelve, sehemu ya pili ya Ocean's Eleven, mara sita. Mara ya kwanza nilimaliza nikiwa na hasira, na sikuweza kueleza hasira ile inatoka wapi. Waigizaji ni walewale, mwongozaji ni yuleyule Steven Soderbergh, muziki mtamu, Amsterdam na Roma zinapendeza kweli. Kuanzia mara ya pili nikawa natazama na daftari mapajani. Haya ninayoyaandika yametoka kwenye daftari hilo, na nimeyaandika kwa ajili ya mtu anayezipenda filamu za wizi wa kupanga kama mimi, aliyechoka kusema tu kwamba ya kwanza ilikuwa kali na ya pili imepoa, bila kuweza kuweka kidole mahali penyewe palipopoa. Nitafichua miisho ya filamu kadhaa, kwa hiyo kama hujazitazama, zitazame kwanza.

Anza kwa kuirudia ya kwanza, hata kama unadhani unaikumbuka yote. Chukua karatasi, piga mstari katikati kutoka juu hadi chini. Kushoto andika kila ulichoonyeshwa kabla ya wizi kufanyika: nani anajua nini, wamenunua nini, wamejenga nini, mlinzi anapita saa ngapi. Kulia andika kila siri iliyofichuliwa baada ya wizi. Ukishamaliza, tafuta jozi. Kila siri ya kulia, je, ina mwenzake kushoto?

Fanya hivyo na Ocean's Eleven ya mwaka 2001 na utaelewa nasema nini. Danny Ocean, anayeigizwa na George Clooney, anakusanya wenzake kumi ili waibe kwenye chumba cha hazina kilicho chini ya hoteli ya Bellagio mjini Las Vegas, kunakowekwa fedha za kasino tatu. Katika maandalizi tunawaona wakijenga chumba kinachofanana na kile cha hazina, ndani ya ghala. Tunadhani ni cha mazoezi, na tunaridhika, maana mwizi mzuri lazima afanye mazoezi. Usiku wenyewe, Terry Benedict, mwenye kasino hizo, anatazama kwenye skrini watu wakipakia fedha zake kwenye mifuko. Mambo yakishaharibika anairudia ile video, na macho yake yanaganda sakafuni. Sakafu ya chumba chake halisi ina jina la Bellagio, na jina hilo limewekwa siku chache tu kabla. Sakafu ya kwenye video haina kitu. Alichokitazama kilirekodiwa mapema, kwenye kile chumba cha ghalani.

Hapo nilipiga mstari mwekundu kutoka kulia hadi kushoto ya karatasi, nikaitazama karatasi yangu kwa furaha ambayo nadhani fundi wa saa anaijua. Jibu lilikuwa mbele yangu siku zote. Nililiona, nikaliita mazoezi, nikaendelea. Mfanya kiinimacho mzuri huwa anakuonyesha mkono wenye sarafu; anachokifanya ni kukupa sababu ya kuutazama ule mwingine.

Sasa fanya hivyohivyo na Ocean's Twelve ya mwaka 2004. Benedict amewafuata wote kumi na mmoja, anadai fedha zake pamoja na riba, na amewapa wiki mbili. Huko Ulaya wanaingia kwenye shindano na mwizi tajiri, François Toulour, anayeigizwa na Vincent Cassel: atakayetangulia kuiba yai la Fabergé, pambo la vito la thamani kubwa, lililo kwenye makumbusho Roma ndiye bingwa, na Danny akishinda, Toulour atalipa deni lote. Tunatazama maandalizi. Tunatazama mambo yakiharibika, watu wakikamatwa mmoja baada ya mwingine. Tunamtazama Toulour akiipita miale ya leza kwa kucheza, mwili ukikunjika na kukunjuka, na nakiri onyesho hilo silichoki. Kisha mwishoni kabisa tunaambiwa kwamba yai halisi lilikwisha kuibwa zamani, likiwa safarini ndani ya treni, na yote ya makumbusho yalikuwa maigizo ya kumpumbaza Toulour.

Kalamu yangu nyekundu ilikosa pa kwenda. Upande wa kushoto hakukuwa na treni. Hakukuwa na begi, wala kituo, wala mtu aliyesinzia kwenye kiti. Kumbe mlolongo mzima wa jitihada niliokuwa nikiufuata kwa moyo wa wasiwasi haukuwa na kitu ndani, na wizi wenyewe ulifanyika nisipokuwepo. Siku hiyo ndipo nilipoielewa hasira yangu. Katika filamu ya kwanza nilikuwa mtu wa kumi na mbili wa lile genge. Katika ya pili nimewekwa upande wa anayeibiwa, na hakuna aliyeniambia.

Kipimo hicho ndicho kikubwa, na kama una muda wa kufanya kimoja tu, fanya hicho. Vingine ni vyepesi zaidi, unavifanya huku unatazama.

Sikiliza mpango unavyotolewa. Filamu hizi zina kanuni moja ya kale: mpango ukielezwa mezani hatua kwa hatua, ramani imetandazwa, ujue utaharibika. Wakiinamiana kunong'ona kisha picha ikakatika, mpango huo utafaulu. Hakuna ubaya hapo, maana taharuki inahitaji kitu cha kuharibika na kitu cha kushangaza. Ninachokifanya ni kuweka alama pembeni ya daftari, M kwa mpango tulioelezwa na F kwa uliofichwa. Ya kwanza iliyopangwa vizuri huwa na M nyingi na F moja au mbili za nguvu. Ukiona F zinapangana kama matofali na M hazipo, mtunzi hana wizi, ana mshangao tu, na anauokoa kwa kukufumba macho.

Uliza pia kwa nini wanaiba tena. Swali hili nimelipata kwa mdogo wangu, ambaye huwa analiuliza kwa sauti dakika za mwanzo: "Si walishapata?" Ya kwanza huishia watu wakiwa na fedha, uhuru na mara nyingine mapenzi. Kuwatoa hapo kunahitaji sababu ambayo wewe mwenyewe ungeinukia kitini. Deni la Benedict linasikika kama sababu, lakini linawafanya watu tuliowapenda kwa sababu walichagua hatari wawe watu wanaosukumwa. Tena andiko la filamu hiyo, la George Nolfi, lilianza kama hadithi nyingine kabisa isiyowahusu hawa, ndipo likageuzwa kuwa lao. Nilipolijua hilo, mengi yalinikaa sawa: ndiyo maana mvutano wa moyoni uko kwa Toulour, mpelelezi Isabel na mwizi mzee LeMarc, na genge letu linapita katikati yao kama wageni kwenye nyumba ya watu.

Linganisha na Ocean's Thirteen ya mwaka 2007. Mzee wao Reuben amedhulumiwa na tajiri Willy Bank, anayeigizwa na Al Pacino, akaanguka kwa ugonjwa wa moyo. Wenzake hawaendi kutafuta fedha. Wanataka kasino mpya ya Bank ifilisike usiku wa ufunguzi. Inaeleweka kwa sentensi moja, na inauma. Ndani yake kuna kitu ninachokipenda sana: mmoja wao anatumwa kiwanda cha dado huko Meksiko ili dado zitengenezwe kwa hila, akifika anaona hali ya wafanyakazi, anajikuta kiongozi wa mgomo. Wizi unasimama kwa sababu ya watu. Si filamu kubwa kama ya kwanza, ila ukiipima kwa karatasi, mistari myekundu inapatikana, na mwanzo hadi mwisho hujaibiwa kitu.

Kisha angalia kama ya pili inayabadilisha uliyoyaona katika ya kwanza. Hili ni kosa ambalo mimi sisamehi. Now You See Me ya mwaka 2013 iliishia kwa siri kubwa: afisa wa FBI aliyekuwa akiwafukuza wanamazingaombwe wanne ndiye aliyekuwa akiwaongoza, kulipa kisasi cha baba yake, na Thaddeus Bradley, aliyeigizwa na Morgan Freeman, akaishia gerezani. Mwaka 2016 ya pili inatuambia kwamba Bradley kumbe alikuwa mshirika wa yule baba, na uadui wao ulikuwa wa kuigiza. Ukirudi kuitazama ya kwanza sasa, kisasi kile kimepoteza mlengwa wake mkubwa. Wamechota kwenye kisima cha jana ili wapate mshangao wa leo.

Katika hiyo ya pili kuna onyesho la karata ambalo watu wengi hulitaja, nami nakushauri ulitazame polepole, ukisimamisha. Chipu imebandikwa kwenye karata, walinzi wanawapekua mmoja mmoja, na karata inarushwa kutoka mkono hadi mkono, inaingia kwenye mkono wa shati, inatokea mgongoni mwa kiganja. Limepangwa kwa ustadi. Lakini simamisha picha karata ikiwa hewani. Inakwenda njia ambazo karata ya kweli haiwezi kwenda, na kamera inaifuata kama ndege. Mazingaombwe yanatushangaza kwa sababu tunajua mkono una mipaka. Mipaka ikiondolewa, nilibaki nikifurahia mwendo tu.

Halafu swali jepesi kuliko yote: wizi wenyewe umeonyeshwa? Katika Dhoom 3, ya mwaka 2013, Aamir Khan anashuka akikimbia kwenye ukuta wa jengo la benki huko Chicago, noti zinamwagika angani, kisha pikipiki na polisi nyuma. Ameingiaje? Amefunguaje? Kimya. Kuna siri nzuri ya mapacha ndani ya filamu hiyo na Khan anaibeba kwa uigizaji wa dhati, lakini mimi nilikuja kwa ajili ya mlango wa sefu. Sefu ni moyo wa jambo. Kama hujawahi, tazama Rififi ya Jules Dassin ya mwaka 1955: karibu nusu saa ya wizi bila mazungumzo na bila muziki, watu wanatoboa dari na mwavuli umefunguliwa chini kuzuia vifusi visidondoke. Ukishauona mwavuli ule hutakubali tena kuonyeshwa pikipiki peke yake.

Za aina ya Inside Man: Most Wanted ya mwaka 2019 hazihitaji daftari. Ya kwanza, Inside Man ya Spike Lee ya mwaka 2006, ilisimama juu ya Denzel Washington na Clive Owen wakipimana akili. Katika ya pili, wote wawili hawamo. Jina limebaki mlangoni, wenyeji wamehama.

Usitumie vipimo hivi kuhukumu kabla ya kutazama. Fast Five, ya mwaka 2011, ni sehemu ya tano ya mfululizo uliokuwa wa mashindano ya magari, na ilipogeukia wizi ikawa bora kuliko zilizoitangulia, kwa maoni yangu. Wanaburuza sefu nzima kwa magari mawili katika mitaa ya Rio, na ndani ya vurugu hiyo kuna ubadilishaji wa sefu wa hila safi kabisa, ambao wameuandaa mbele ya macho yako: tumewaona wakifanya mazoezi kwenye sefu ya aina hiyohiyo. Kushoto na kulia, jozi imekamilika.

Kipimo cha mwisho hufanywa asubuhi yake, na hakihitaji karatasi. Mwombe mtu uliyetazama naye akusimulie wizi ulivyofanyika. Usimuulize kama aliipenda. Mdogo wangu, kwa Ocean's Eleven, alinisimulia ghala, mifuko, video na sakafu isiyo na jina, mikono ikichora hewani, na alipofika kwenye sakafu alisimama. Kwa Ocean's Twelve alikumbuka kwamba Julia Roberts alicheza kama Tess, mke wa Danny, kisha Tess akajifanya Julia Roberts. Nikamuuliza, na yai? Akafikiri kidogo. "Lilikuwa mahali fulani," akasema, akaendelea kunywa chai.