Kuku mmoja, misuli ya aina tatu

Mtoto wa kaka yangu, yuko kidato cha tatu hapa Dodoma, alikuwa anakariri kwa sauti: "misuli ya hiari, misuli isiyo ya hiari..." Mimi nanyonyoa kuku wa kienyeji. Nikamwambia afunge daftari, asogee kwenye beseni.

Fanyeni hivyo hivyo. Toa paja, moyo na firigisi, weka kwenye sahani. Chambua paja kwa vidole: nyama inaachana nyuzi nyuzi, na mwishoni kuna kano nyeupe iliyong'ang'ania mfupa. Huo ni msuli wa hiari. Binadamu anayo zaidi ya 600, na kazi yake kubwa ni kuvuta mifupa. Firigisi haina mfupa wa kuvuta. Imesaga mtama na changarawe bila kuku kuombwa ruhusa. Sisi hatuna firigisi, ila msuli laini wa jamii hiyo umezunguka tumbo, utumbo na mishipa yetu ya damu. Moyo uko peke yake: ukiutazama kwa hadubini una mistari kama paja, lakini hauamrishwi.

Sasa hamia mwilini mwako. Simama mbele ya kioo mchana, ziba macho kwa viganja, hesabu hadi kumi, fungua. Mboni inasinyaa, jaribu kuizuia uone. Shika mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa dakika moja. Mtu mzima aliyetulia hupata 60 hadi 100. Yaamuru yasimame.

Halafu kula. Tonge la uwele na mlenda likiwa mdomoni, wewe ndiye bosi. Likishapita kooni, umio unalisukuma wenyewe, hulirudishi kwa kutaka. Kibofu nacho ni msuli laini, ila mlango wake wa nje ni wa hiari, ndiyo maana unajibana hadi basi lifike Gairo.

Wanafunzi wengi hukosea kwenye kupumua.

"Shangazi, mbona nikilala napumua? Si msuli usio wa hiari huo?"

Hapana. Kiwambo, msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, ni wa jamii ya paja. Ubongo hukiendesha ukisahau, lakini ukitaka unakishika. Nikamwambia abane pumzi. Akavimbisha mashavu, macho yakamtoka, akaachia huku anahema.

Alipotulia alinyoosha mkono kwenye sahani. Nikampa moyo. Firigisi ya baba yake.