Kidonge kwanza, chai baadaye: somo kwa wenye tezi iliyozembea

Tuelewane mapema: tezi ninayoizungumzia iko shingoni, ina umbo la kipepeo, nayo huitwa tezi dundumio. Nimechoka kuulizwa kwenye chama kama wanawake nao huugua tezi dume.

Ikizembea, mwili mzima hupunguza mwendo. Unalala na kuamka umechoka, choo kinakuwa kigumu, ngozi inakauka, nywele zinakatika, hedhi inakuwa nzito, kilo zinapanda. Mimi nilivaa sweta mbili mwezi wa Januari, jua la Nairobi likiwaka, nikasema ni umri.

Hatua ya 1: Pima damu. Kipimo ni TSH, homoni inayotoka chini ya ubongo kuiamsha tezi. Ni kama kondakta anayegonga bodi ya matatu: dereva akisinzia, anagonga zaidi. Ndiyo maana tezi ikilegea TSH hupanda.

Hatua ya 2: Linda saa ya kidonge. Hapa ndipo wengi tunapokosea. Levothairoksini, dawa inayoziba pengo la homoni ya tezi, humezwa kila siku, tumbo tupu, kwa maji matupu, kisha unangoja nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula. Mimi nilikuwa nikitoka Umoja alfajiri, nikimeza na chai ya maziwa, tena pamoja na vidonge vya kuongeza damu. Dozi ikapandishwa mara mbili, TSH ikakataa kushuka, hadi daktari mmoja akaniuliza, “Mama, unameza na nini?” Madini ya chuma na kalsiamu huishika dawa tumboni isiingie mwilini, na chai au kahawa huipunguza. Siku hizi kidonge na chupa ya maji hulala kando ya simu. Kengele ikilia nameza, naoga, napiga pasi, ndipo chai. Vidonge vya damu ni mchana, muda wa saa nne ukishapita tangu nimeze kile cha tezi.

Hatua ya 3: Ngoja. Dawa hii hujijenga polepole, kwa hiyo dozi ikibadilishwa, pima tena baada ya wiki 6 hadi 8. Kupima wiki ya pili ni kutupa pesa. Na usijiongezee dozi ili upungue mwili: moyo utaenda mbio na mifupa itadhoofika.

Hatua ya 4: Ukishika mimba, wajulishe kliniki siku hiyo hiyo. Mara nyingi dozi huhitaji kupandishwa, na mtoto anaitegemea.

Maswali ya wanachama

*Nimeambiwa niache sukuma wiki na kabeji. Kweli?*
Zikipikwa, kwa kiasi cha kawaida, kula. Chumvi yetu ya dukani huwa tayari imetiwa iodini, madini ambayo tezi huyatumia kutengeneza homoni, hivyo usinunue vidonge vya iodini kwa kubahatisha. Ikizidi, nayo huivuruga tezi.

*Niko Eastleigh. Ramadhani nimeze lini?*
Wengine humeza wakati wa kulala, saa 3 hivi baada ya chakula cha mwisho. Wengine huamka mapema, wakameza nusu saa au zaidi kabla ya daku. Kubaliana na daktari wako kabla ya mfungo, kisha ushike saa hiyo hiyo.

*Nikisahau?*
Meza ukikumbuka siku hiyo, tumbo likiwa tupu. Kesho usimeze viwili.

*Natumia vidonge vya nywele vyenye biotini, ile vitamini.*
Mwambie daktari, na uviache angalau siku 2 kabla ya kutolewa damu. Huweza kudanganya majibu.

*Nitameza maisha yote?*
Wengi wetu, ndiyo. Kuna wanaopata nafuu, mathalani baadhi ya waliougua baada ya kujifungua, lakini kuacha huamuliwa na daktari, si kwa sababu umejisikia vizuri.

*Mume wangu anasema ni uvivu tu.*
Dada, nenda naye siku ya majibu. Wangu alikuja, akaonyeshwa ile karatasi ya maabara. Sasa ndiye anayejaza chupa ya maji usiku, ingawa chai bado huileta mapema mno.