Ndezi wanakula bustani yako ya mtoni? Fanya hivi kabla hujakimbilia sumu

Kwa wale wenzangu mnaolima mchicha, matembele, miwa au mahindi pembeni ya mito yetu hapa Dar, iwe Msimbazi, Mzinga kule Kongowe au Mpiji, hii inawahusu. Unaamka asubuhi unakuta mabua yamelala chini, na mtu wa kwanza kulaumiwa ni kijana wa jirani. Subiri kwanza, inama uangalie.

Ndezi, yule mnyama mnene anayefanana na panya mkubwa na kuishi kwenye matete, anakata bua kwa chini karibu na ardhi, mkato umelala kimshazari na ni safi kama wa kisu, halafu analikatakata vipande vifupi anakula anachotaka na vingine anaviacha vimerundikana hapo hapo. Mwizi wa miwa hawezi kukuachia rundo la vipande vya urefu wa kidole! Ukishaona hivyo fuata majani yalikolala, utakuta kinjia chembamba kama handaki ndani ya matete kinaelekea majini, na humo njiani utaona kinyesi chake. Anatoka zaidi usiku na anaogelea vizuri sana, akishtushwa anaweza kujitosa mtoni kabisa, kwa hiyo usidhani mto ni ukuta.

Watu wengi wanamchanganya na panya buku. Panya buku ana mkia mrefu ambao nusu yake ya mwisho ni nyeupe, wale ndio wanaofundishwa kunusa mabomu ya ardhini na TB pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Ndezi ana mkia mfupi, mnene wa mwili, manyoya magumu kama miiba laini, meno ya mbele ya rangi ya chungwa, na mkubwa wake anafika kilo 5 hata zaidi. Kiukoo yuko karibu na nungunungu kuliko panya wa nyumbani.

Sasa cha kufanya. Kubwa kuliko yote ni kumnyima maficho, maana ndezi hapendi kuvuka sehemu ya wazi. Fyeka ukanda wa mita kadhaa kati ya bustani na matete na uendelee kuufyeka, hasa masika nyasi zinapokimbia, na kama umepanda mabingobingo ya ng'ombe yasogeze mbali na mboga maana hiyo kwake ni nyumba na chakula. Ila naomba sana usifyeke mpaka kwenye ukingo wenyewe, yale matete ndiyo yameshika udongo, ukiyatoa mvua ikija inaondoka na tuta lako. Na kumbuka Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka mtoni ziachwe, kwa hiyo kama ndo unaanza, anzia juu, nje ya hizo mita 60.

Pili uzio. Mabati chakavu yakisimamishwa mpaka usawa wa kiuno na kufukiwa chini kidogo yanatosha kabisa, kupanda siyo fani yake. Miti na fito atatafuna, wavu mwembamba wa kuku nao usiuamini. Huna hela ya kuzungusha pote? Zungushia miwa na mahindi machanga kwanza.

Sumu hapana jamani. Bundi na paka wanaokula panya waliolishwa sumu nao wanaweza kufa, na mvua moja tu inaipeleka kwenye maji yale yale unayomwagilia mchicha wa watu. Ndezi anabeba mimba karibu miezi 5 na anazaa watoto wachache tu, siyo kama panya wa dari, kwa hiyo ukanda na uzio vinatosha kumpunguza.

La mwisho ni afya yako. Mkojo wa panya na wanyama wengine unaweza kubeba homa ya mgunda (leptospirosis), ile iliyoua watu Lindi 2022, na inaingia kupitia vidonda ukikanyaga maji au tope. Vaa gambuti, funika mikwaruzo, na ukipata homa na misuli ya miguu inauma mwambie daktari mapema kwamba unalima mtoni, maana usiposema anaweza kupima malaria tu akakurudisha nyumbani.